Kijiko cha Mkwe Wangu

Mama yangu alikuwa na kuku mweusi asiyejua kutaga mahali pamoja. Leo uvunguni, kesho kwenye majani ya ng'ombe, keshokutwa kwa jirani, na jirani yetu hakuwa mtu wa kurudisha yai. Basi mama akaokota jiwe mtoni, jeupe, laini, umbo lake yai kabisa, akaliweka kwenye kapu bovu nyuma ya jiko. Kuku akaliona, akalisadiki, akawa anataga hapo hapo ubavuni mwa lile jiwe. Wengi hapa Suji, kwetu milimani, walifanya hivyo, wala si uchawi. Kuku akiona yai moja anajua hapa ni pa mayai.

Siku moja akaanza kuatamia. Mama alikuwa anashuka kwenda msibani Lembeni, akaniambia, "Yale mayai kwenye bakuli muwekee kuku. Jiwe litoe." Mayai nikayala mimi. Sikuyala yote siku moja, nisijisingizie ulafi zaidi ya niliokuwa nao. Niliyachemsha kidogo kidogo kwenye kopo. Jiwe sikulitoa. Kila asubuhi nilikwenda kumtazama kuku juu ya jiwe lake, naye anatutumua manyoya, ananitolea ukali nisimwibie. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Niliwaita na wenzangu waje kucheka. Mama alikawia huko, msiba ukazaa ugonjwa, na aliporudi kuku alikuwa na kifua kama makali ya panga. Akamwinua, akaona jiwe, akanitazama. Nilingoja fimbo. Akasema tu, "Kuku hana kosa. Kaambiwa yai." Akamchinja jioni ile ile, na haikutoka nyama ya kuchafua sufuria.

Mimi siku hizi nyama ya kuku naiona kwa macho. Meno yamebaki machache, na ya juu hayakutani na ya chini. Chakula changu ni makande, tena yaliyoiva hasa, na hapo ndipo habari yangu inapoanzia, kwenye makande.

Mke wangu alipokufa nilikaa miaka miwili nikijipikia. Makande ya mwanamume mzee ni changarawe na maji. Kisha binti yangu wa mwisho, aliyekuwa ameolewa, akapanda mlima kuja kujifungua. Desturi yetu mimba ya kwanza mwanamke huja kuzalia kwao. Mama yake hayupo, lakini dada yangu anakaa nyumba ya pili, akasema aje tu, kuzaa si jambo la kufanyia ugenini. Akaja, akajifungua mtoto wa kiume. Alipopata nguvu ya kusimama jikoni akaniwekea bakuli: mahindi yamekobolewa vizuri, maharage yamepasuka yenyewe, parachichi pembeni. Nikala kimya mpaka chini. Nilipomaliza nikajua kwamba huyu haondoki.

Mumewe alikuwa kijana wa Ndungu, chini bondeni. Kwetu juu watu wa Ndungu tunawaita watu wa mbu, na wao wanatuita watu wa ukungu, na tunaoana hivyo hivyo. Alijifunza kuvua kwenye bwawa la Kalemawe, akakimbia matope ya mpunga, akaenda pwani, upande wa Tanga, akavua baharini. Mtu mwembamba, mpole, mwenye kusema "ndiyo baba" kabla hujamaliza kusema. Upole wake uliniudhi. Mtu akikuudhi kwa ubaya unajua pa kumshika.

Alikuja kumchukua mkewe mtoto alipotimiza miezi miwili. Nikamwambia mtoto anakohoa, tungoje. Mtoto hakuwa anakohoa. Akarudi mwezi wa nne. Nikamwambia mvua imeharibu barabara ya kushuka Makanya, mtoto mchanga hawezi kurushwarushwa. Ilikuwa kweli barabara imeharibika, lakini yeye mwenyewe alikuwa amepanda nayo, na angeshuka nayo. Akasema, "Ndiyo baba." Binti yangu akamsindikiza mpaka kwenye mgomba wa mwisho, akarudi amevimba macho, akanipikia. Chumvi ilizidi. Nikala.

Mara ya tatu alikuja Januari, joto limekausha hata majani ya kahawa. Nikaona uongo umeniishia, nikasema, "Mimi sijui unamlaza wapi binti yangu. Nitakwenda nikaone. Nikiridhika, nitakujibu." Nilidhani ataona aibu ya chumba chake, ataanza kujiuma. Akafurahi! Akasema, "Karibu baba, hata kesho."

Basi nikashuka naye. Toka Makanya hadi Korogwe nilikuwa nimelala, na toka Segera hadi Tanga nilikuwa nikilaani joto. Sisi tuliozaliwa kwenye ukungu, pwani ya Januari si mahali pa kuletwa. Hewa inakulalia kama ng'ombe. Kijijini kwake nikakuta vyumba viwili, vimefagiwa, kitanda kina chandarua, ukutani kuna kikapu kipya cha kulalia mtoto alichokisuka mwenyewe kwa ukindu. Nilizunguka nyumba nzima nikitafuta ubovu. Nilikagua hata choo. Choo kilikuwa kisafi kuliko changu. Nilikasirika sana.

Asubuhi akaniambia twende nikaone kazi yake. Akatwaa mshipi wa kuvulia alioukunja kwenye chupa ya plastiki, na kibati cha biskuti. Nikamuuliza chambo kiko wapi. Akafungua kibati. Mle ndani hamkuwa na dagaa wala pweza. Kulikuwa na vijiko. Vijiko vya chai, vya kawaida, amevikata mpini, ametoboa tundu kwa msumari huku na huku, tundu moja ndoana, tundu moja mshipi. Vingine amevifunga manyoya meupe ya mkia wa jogoo na uzi mwekundu wa pindo la kanga.

"Samaki anakula kijiko?" nikamuuliza.

"Hali, baba. Anadanganyika."

Nikamkumbuka yule kuku. Nikacheka, na kusema kweli ndiyo saa pekee niliyompenda yule kijana.

Maji yalikuwa yamekupwa. Sijui nilieleze vipi kwa mtu asiyepata kuliona. Jana bahari ilikuwa mlangoni, leo imekwenda, imeacha mchanga na majani na vidimbwi mpaka mbali, na katikati mkondo mmoja wa maji kama mto. Sasa kwetu maji yana wenyewe. Tuna ndiva, bwawa walilojenga babu zetu, linajaa usiku, na asubuhi mwenye zamu anazibua, maji yanashuka mferejini mpaka shambani kwake. Yakishashuka yameshuka. Sijapata kuona maji yakipanda mfereji kurudi ndivani. Basi nikamwuliza mvuvi mmoja mzee aliyekuwa akipita na kapu lake, "Leo zamu ya nani?"

"Zamu ya nini, mzee wangu?"

"Aliyezibua maji haya."

Yule mzee akaweka kapu chini. Alicheka mpaka akashika magoti. "Haya, mzee wa milimani! Zamu ya Mungu! Na ufunguo kaondoka nao!" Akaenda akicheka, na kule mbele nikamsikia akiwahadithia wengine, nao wakacheka. Nikamgeukia mkwe wangu. Alikuwa amenipa mgongo, anafungua mshipi, lakini mabega yalikuwa yanamtikisika.

Mabega yale sijayasahau.

Tukatembea juu ya mchanga mpaka kwenye mkondo. Anakizungusha kijiko juu ya kichwa, anakiachia, kinaruka, kinang'aa, kinatua mbali bila kelele. Kisha anavuta. Si kwa mkupuo. Anavuta, anaacha, anavuta mara mbili haraka, anaacha. Nikamwambia hujui kuvuta, vuta sawasawa kama mtu anayevuta kamba ya ng'ombe.

"Ukivuta sawasawa hawaji, baba. Samaki hafuati kilicho kizima. Anafuata kilichoumia. Akiona kinayumba, kinasita, ndipo anakuja mbio, tena hata kama ameshiba."

"Hata akishiba?"

"Hata akishiba."

Akapata kolekole mmoja, akapata mwingine. Samaki wazuri, wa fedha, wanahangaika juu ya mchanga huku kijiko kimewakaa mdomoni. Nilimtazama mmoja kwa muda mrefu. Jicho lake lilikuwa linashangaa tu. Jua likapanda. Akasema, "Baba, tumepata wawili, turudi. Maji yanarudi." Akasema kwa adabu, lakini ni mkwe ananiambia mimi turudi. Na yale mabega. Nikamwambia, "Rudi wewe. Mimi natembea." Akasema, "Basi usitoke kwenye mchanga, baba." Nikatoka kwenye mchanga palepale, nikaelekea kwenye mikoko, kwenye tope jeusi, nikijifanya natazama kaa.

Yeye akabaki kwenye mkondo. Alikuwa amenasa samaki mkubwa, mzia, mshipi umekaza unalia mikononi mwake, naye anakimbia nao pembeni mwa maji akiniangalia mara kwa mara, na mimi nikazidi kwenda mbele ili asinione.

Tope likanishika vifundoni, kisha magotini. Nikavuta mguu mmoja, wa pili ukazama zaidi. Fimbo yangu nikaisimika, ikapotea yote. Na hapo ndipo nikaona maji. Yalikuwa yanakuja bila wimbi, bila sauti, yanateleza tu juu ya tope kama chai iliyomwagika mezani. Hakuna aliyeyazibua. Yakanifika miguuni, yakanifika mapajani. Mimi mzee, mwenye wajukuu, mtu wa kukaa mbele kanisani, nikalia. Nilimwita mama yangu. Mkojo ulinitoka, najua ulinitoka kwa sababu ulikuwa wa moto na maji yalikuwa ya baridi.

Kati yangu naye mkondo ulikuwa umeshajaa. Nikamwona anaachia mshipi. Chupa ikaruka mara mbili juu ya maji ikapotea, mzia akaenda na kila kitu. Kisha akavua suruali yake ya jinzi, maana jinzi ikilowa inazamisha mtu, akavua na shati, akabaki na kichupi, akaingia majini, akaogelea mpaka kwangu.

Hapa mtu wa kwingine hataelewa. Kwetu mkwe hafungui hata kifungo cha shati mbele ya baba wa mkewe. Hali naye sahani moja. Akikutana naye njiani anajisogeza kando. Mkwe kumwonyesha baba mkwe uchi wake ni sawa na kumtukana mkewe mbele ya aliyemzaa. Yule kijana ni Mpare kama mimi, alilijua hilo kabla hajajua kusoma. Alijua, na akavua.

Akalala kifudifudi juu ya tope, akawa ananifukua miguu kwa mikono yake. Mimi nimemshika shingo. Nikawa nasema, "Nitoe, mkwe wangu. Nitoe. Ukinitoa, kesho unamchukua mkeo na mwanao. Naapa kwa kaburi la mama yangu. Nitoe tu."

"Ndiyo baba," anasema, mdomo umejaa tope. "Tulia baba. Usinikabe."

Akanitoa. Akanibeba mgongoni, ngozi kwa ngozi, mpaka mchangani. Akanifunika shati lake nisionekane nilivyolowa, na watu walipouliza kulikoni, akasema, "Baba aliteleza kidogo." Hakumwambia mtu yeyote. Siku mbili nilizokaa nikisubiri nguvu, alinipikia uji na samaki, akiniwekea na kutoka nje nile peke yangu, kama adabu inavyotaka. Nilikuwa namsikia nje anakata vijiko vipya kwa msumeno.

Tukapanda basi pamoja. Alikuwa amekausha wale kolekole wawili, akawafunga kwenye gazeti kuwa zawadi ya wazee. Kwenye basi akatoa mfukoni kofia ndogo nyekundu ya mtoto, akaitazama, akairudisha. Baada ya muda akaitoa tena. Niliona jinsi alivyofurahi. Alikuwa anafurahi kama mtu aliyejeruhiwa anapoambiwa kidonda kimepona, bado hajakigusa. Na mimi nikaanza kuyafikiria makande ya kujipikia.

Nimeulizwa na dada yangu, "Lini uliamua kumkatalia?" Nilimwambia sijui. Najua. Ilikuwa Hedaru, basi limesimama, watu wananunua machungwa dirishani. Akaninunulia mawili, akanimenyea moja, kwa sababu aliona mikono yangu bado inatetemeka. Alivyoitazama ile mikono! Aliitazama kwa huruma. Hapo ndipo nilipoamua. Mtu aliyekuona ukilia tope limekushika, kisha akakumenyea chungwa, huwezi kukaa naye duniani.

Tulipofika Suji nikawaita wazee wawili tu: kaka yangu mkubwa na kaka wa marehemu mke wangu, yaani mjomba wa binti. Wakaketi uani kwenye viti vyangu vya mti. Binti yangu akaleta chai ya tangawizi na mihogo, akarudi ndani. Nilimsikia akiimba chini chini, akifunga nguo za mtoto kwenye furushi, maana mumewe alikuwa ameshamnong'oneza mlangoni kwamba baba amekubali.

Kijana akawasalimu. "Shikamooni wazee."

"Marahaba. Karibu, mtu wa mbu," akasema mjomba. "Umetuletea nini toka kwa samaki?"

Akafungua gazeti. Wakasifu. Kaka yangu akanusa mmoja, akasema huyu akipikwa na bamia anaweza kumfufua mtu. Wakacheka wote, na kijana akacheka. Kaka yangu akanigeukia. "Haya mdogo wangu, umekwenda, umeona. Tuambie. Nyumba ipo?"

"Nyumba ipo," nikasema. "Chakula kipo. Lakini huyu alivua nguo mbele yangu."

Mjomba akaweka kikombe chini. "Alivua vipi?"

"Alivua suruali, akavua na shati. Akasimama mbele yangu na kichupi, mchana kweupe, baharini."

"Wewe!" Mjomba akamgeukia kijana. "Ulivua nguo mbele ya baba wa mkeo?"

Kijana alikuwa ananitazama mimi. "Nilivua," akasema.

"Loo! Ndungu kumeharibika kiasi hicho? Au ndiyo mmejifunza kwa kambare? Kambare naye hana nguo!" Wakacheka. Kaka yangu akasema, "Huyu akikaa na binti yetu mwaka mwingine, na yeye atakuja hapa uchi." Wakacheka tena. Kijana alisita, mikono yake ikawa inatafuta pa kukaa. Na kila alivyosita ndivyo walivyomjia, wakimchezea huku na huku, wazee wawili wasio na neno naye, ambao dakika tano zilizopita walikuwa wakisifu samaki wake. Walikuwa wameshiba chai na mihogo.

Mwishowe akasema, taratibu, "Baba. Ulipokuwa kwenye tope, uliniambia nini?"

Wazee wakanigeukia. Ndani wimbo ulikuwa umekoma. Ningesema neno moja yangekwisha. Ningesema lolote. Lakini kulitaja lile tope ni kutaja mkojo, na kilio, na mama yangu niliyemwita, na mgongo nilioupanda.

"Tope gani?" nikasema.

Akanitazama. Sikuona chuki. Jicho lake lilikuwa linashangaa tu, na hilo jicho nilikuwa nimeshaliona mchangani. Hakusema "ndiyo baba." Akachukua kikombe chake cha chai, akakiweka juu ya sinia pamoja na vya wazee, ili mkewe asihangaike kukitafuta. Akatoa ile kofia nyekundu mfukoni, akaiweka juu ya kiti alichokuwa amekalia. Akasema, "Shikamooni wazee," kama mtu anayeingia, akatoka.

Akapita kwenye mgomba wa mwisho bila kugeuka. Kibati chake cha biskuti kilikuwa kinagongagonga ndani ya mfuko, vijiko vinalia, na niliendelea kuvisikia hata alipokwisha kuzama kwenye kona ya kushuka.

Binti yangu akatoka ndani, mtoto mgongoni, amevaa viatu, furushi mkononi. Akatazama kile kiti. "Amekwenda wapi?"

"Kutafuta pikipiki ya kuwashusha," nikasema. "Anarudi sasa hivi."

Akaketi juu ya furushi pale uani, akaelekeza uso njiani, na dada yangu alipokuja kumwinua, binti akamkaripia shangazi yake. Hajarudi yule kijana mpaka leo.